Jinsi ya Kupata Utulivu na Furaha Katikati ya Kipindi Kigumu: Mwongozo Kamili

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, na wengi wetu tumeuchukua msemo huo kama amri ya kusubiri. Kwanza deni liishe, mgonjwa apone, kesi iamuliwe, kazi ipatikane, ndipo nitapumua. Lakini zipo dhiki zisizo na tarehe ya kuisha. Ugonjwa wa kudumu hauondoki mwisho wa mwezi. Aliyefariki harudi. Anayeahirisha kuishi mpaka mambo yakae sawa anaweza kupoteza miaka ambayo, pamoja na machungu yake yote, bado ilikuwa na watoto wanaocheka, asubuhi zenye jua, na marafiki waliokuwa tayari kukaa naye.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja: huzuni na furaha zinaweza kukaa katika kifua kimoja, siku hiyo hiyo, na hakuna inayoifanya nyingine kuwa ya uongo. Huhitaji kumaliza kulia ndipo uruhusiwe kucheka. Ila utulivu wa namna hiyo haujileti wenyewe. Unatafutwa kidogo kidogo, na una utaratibu wake: mwili kwanza, kisha mawazo, kisha matatizo yenyewe, kisha matendo, kisha watu, ndipo furaha. Ukianza kuikimbilia furaha wakati hujalala siku tatu, utaikosa halafu utajilaumu bure.

Kabla ya yote: kama unawaza kujiua

Kama mawazo ya kujiua yanakujia, ruka hatua zote zilizo hapa chini. Mwambie mtu mmoja leo, kwa maneno ya wazi: "Nawaza kujiua, naomba usiniache peke yangu." Usiseme umechoka tu, kwa sababu anaweza asielewe. Nenda hospitali iliyo karibu au piga namba ya dharura ya mahali ulipo. Na kama kuna dawa, sumu, silaha au kitu kingine ulichokifikiria, kiondoke kabisa karibu nawe. Mpe mtu akakihifadhi mbali na unapoishi. Hili si jambo dogo. Wimbi kali la kutaka kufa mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi, na wengi wa waliookolewa katika saa hizo hawakuja kufa kwa kujiua baadaye.

Kama ni wewe unayemwona mwenzako anazama, muulize moja kwa moja. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua.

Hatua ya kwanza: anza na mwili, hata kama tatizo liko moyoni

Mwili ulioingiwa na hofu haungoji uelewe kinachoendelea. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linakataa chakula, na homoni kama adrenalini na kotisoli zinaongezeka kwenye damu. Kwa dakika chache hali hiyo inakusaidia. Ikikaa wiki na miezi, inakula usingizi, kumbukumbu na uvumilivu, na ndiyo maana katika kipindi kigumu unajikuta unawafokea watu usiotaka kuwafokea.

Huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini unaweza kuamua pumzi iende taratibu, na moyo utaifuata. Kaa. Shusha mabega, legeza taya. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, tumbo likijaa. Itoe taratibu ukihesabu moja hadi sita. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hizo ni pumzi sita kwa dakika. Endelea kwa dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huipa kazi neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, na ambayo hupunguza mapigo ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, unavuta kwa nguvu mno, punguza. Fanya hivi mara mbili kwa siku hata siku ambazo hofu haijaja, ili siku ikija mwili uwe unaijua njia.

Usingizi huwa wa kwanza kuondoka. Wengi hujaribu kuufidia kwa kulala mchana au kuingia kitandani mapema sana, na hapo ndipo wanapouharibu zaidi. Chagua saa ya kuamka na uishike kila siku, hata kama umelala kwa saa mbili tu. Ukikaa kitandani kama dakika 20 na usingizi haujaja, toka. Nenda mahali penye mwanga hafifu, fanya kitu kisichokuchangamsha, urudi usingizi ukikushika. Nia yake ni akili iache kukihusisha kitanda na kuhangaika. Asubuhi toka nje mapema upate mwanga wa jua, kwa sababu mwanga huo ndio unaoupanga mwili ujue usiku ni saa ngapi. Kahawa iache baada ya saa sita mchana. Kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado iko mwilini saa tano baadaye.

Na pombe, hapa sitaki kuzunguka. Inaleta usingizi haraka, kisha inaukatakata sehemu ya pili ya usiku, na asubuhi inakuachia wasiwasi mkubwa kuliko ulioingia nao kitandani. Kati ya vitu vyote watu wanavyokimbilia wakiwa na dhiki, hiki ndicho kinachogeuza tatizo moja kuwa mawili.

Kuhusu chakula na mazoezi nitasema machache. Kula kwa saa, usisubiri njaa, maana katika kipindi hiki njaa yenyewe imevurugika. Tembea kwa miguu kila siku, hata dakika 20, ikiwezekana penye miti au anga wazi.

Hatua ya pili: yape mawazo saa yake

Ni saa tisa usiku. Simu iko mkononi, mwanga umepunguzwa ili usimwamshe aliyelala karibu. Unausoma ujumbe ule ule kwa mara ya nne, ukijaribu kusikia sauti aliyoandikia lile neno "sawa". Kisha unafungua picha za mwaka juzi. Kisha hesabu inaanza upya: ningenyamaza siku ile, ningeondoka mapema, ningempeleka hospitali Jumatatu badala ya Ijumaa. Mpaka alfajiri hakuna hata jibu moja lililopatikana, ila mwili umechoka kama mtu aliyekesha kazini.

Mawazo ya kuzunguka namna hii hujivika sura ya kutafuta suluhu, ndiyo maana ni vigumu kuyaacha. Yapime hivi: baada ya dakika kumi za kuwaza, umepata hatua gani unayoweza kuichukua kesho? Kama ipo, iandike ulale. Kama haipo, ujue hapo hutatui kitu, unajiumiza tu.

Kujikataza kuwaza hakusaidii, kwa sababu wazo unalolifukuza hurudi na nguvu zaidi. Njia iliyo bora ni kuliahirisha. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani Thomas Borkovec na wenzake walichapisha utafiti juu ya njia nyepesi: mtu anatenga nusu saa kila siku, saa ile ile na mahali pale pale, kwa ajili ya kuwaza yanayomsumbua. Wasiwasi ukija saa nyingine, anautambua, anauahirisha hadi muda ule, kisha anarudi kwenye alichokuwa anafanya. Waliofuata njia hiyo walitumia muda mdogo zaidi wa siku wakiwa katika wasiwasi.

Wewe fanya hivi. Chagua muda usio karibu na kulala, tuseme saa kumi na moja jioni. Chagua kiti, na kisiwe kile unachopumzikia. Beba karatasi ndogo siku nzima. Wazo likikujia, liandike kwa maneno matatu au manne ("ada ya mtoto", "majibu ya vipimo") na ujiambie: hili ni la saa kumi na moja. Muda ukifika, kaa uwaze kwelikweli, bila simu. Utashangaa ni mangapi kwenye ile karatasi yatakuwa yamepoa. Yaliyobaki moto ndiyo yanayostahili hatua ya tatu.

Kama kuna jambo zito ulilolibeba kimya kwa muda mrefu, liandike. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Baadhi waliandika juu ya mambo ya kawaida, wengine juu ya jambo lililowaumiza maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo usiogope ukitoka kwenye karatasi macho yakiwa mekundu. Andika bila kujali tahajia, bila kumwonyesha mtu. Ukitaka, ichane ukimaliza. Tahadhari yangu ni moja: kama tukio limetokea siku hizi hizi na ukiligusa unapoteza kabisa utulivu, usilichimbe peke yako. Hilo ni la kufanya mbele ya mshauri nasaha.

Halafu isikilize sauti unayojisemea nayo. Watu wapole sana kwa wengine hujiambia maneno ambayo wasingethubutu kumwambia adui: mjinga wewe, umeharibu kila kitu, unajidekeza. Ukijikamata unafanya hivyo, jiulize ungemwambia nini rafiki yako mpenzi aliyepatwa na jambo hili hili, kisha ujiambie maneno hayo hayo, kwa jina lako. Mwanzoni ni ajabu kidogo kujisikia, lakini endelea.

Hatua ya tatu: lipasue tatizo, uchague moja

Matatizo yakija pamoja hushikana mpaka yanaonekana kitu kimoja kikubwa kisicho na mlango. Mchukue mtu aliyeachishwa kazi. Ukimuuliza tatizo ni nini atasema "maisha yamekwisha". Mpe karatasi, mchoree mstari katikati ya ukurasa, na mwambie aandike upande mmoja yaliyo ndani ya uwezo wake wiki hii, upande wa pili yasiyo ndani ya uwezo wake. Polepole "maisha yamekwisha" inageuka: kodi ya mwezi ujao, mke hajaambiwa, barua ya kuachishwa haijasomwa hadi mwisho, aibu mbele ya wafanyakazi wenzake, umri, hali ya uchumi, kama watamwita tena au la. Matatu ya kwanza yana la kufanya. Manne ya mwisho, kwa sasa, hayana.

Sasa chagua moja tu, na ulifanye dogo mpaka liingie kwenye nusu saa. "Kutafuta kazi" si hatua, ni mlima. "Kesho saa nne asubuhi nimpigie msimamizi wangu wa zamani nimwombe barua ya utambulisho" ni hatua. Kama ni deni, hatua ya kwanza ni kuandika jumla yake yote mahali pamoja, hata kama mkono unatetemeka, kwa sababu deni lisilohesabiwa hutisha kuliko lilivyo. Ya pili ni kumpigia unayedaiwa naye kabla hajakupigia yeye, ukiwa na kiasi unachoweza kulipa kweli. Kama ni ugonjwa, andika maswali matano utakayomuuliza daktari, na uende na mtu wa kukusaidia kukumbuka majibu.

Utaratibu huu wa kuchagua tatizo moja una ushahidi. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha kina bibi, wahudumu wa afya wa kujitolea, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye msongo na huzuni. Bibi anamwacha mgeni wake ayatoe yote, kisha wanachagua pamoja tatizo moja la kuanza nalo na hatua ambayo mgeni ataichukua kabla hajarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi hizo walikuwa na dalili za msongo na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) chache zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kinachonigusa ni kwamba kina bibi hao hawakuwapa watu pesa, kazi wala ndoa mpya. Umaskini ulibaki pale pale. Walichopata watu ni kusikilizwa, na tatizo moja lenye ukubwa unaobebeka.

Na ule upande wa pili wa karatasi? Usiutupe wala usijifanye hauumi. Usome mara moja kwa siku, sema kwa sauti: haya siyawezi leo. Mtu wa sala ayakabidhi kwa Mungu kwa majina yake, moja baada ya jingine. Kukubali kwamba jambo liko nje ya uwezo wako si kulipenda wala kukata tamaa. Ni kuacha kulisukuma, ili nguvu zibaki kwa yale yanayosukumika.

Hatua ya nne: tenda kabla hamu haijaja

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunangoja tujisikie vizuri ndipo tuoge, tutoke, tupokee simu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Peter Lewinsohn alieleza kwa nini kungoja huko kunatuzamisha: aliyehuzunika hujitenga, akijitenga anakosa yale madogo yaliyokuwa yanampa raha na kujiona ana maana, akiyakosa huzuni inazidi, ikizidi, anajitenga zaidi. Duara hilo hukatwa kwenye matendo, kwa sababu hisia haziamrishwi ila mguu unaweza kuinuliwa. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliilinganisha sehemu hii ya kurudisha matendo peke yake na tiba kamili ya kubadili fikra kwa watu wenye sonona, na sehemu hiyo moja ikafanya vizuri sawasawa na tiba nzima.

Kila jioni andika mambo matatu ya kesho: moja la kujitunza (kuoga, kufua shuka), moja la wajibu (kujibu barua moja), moja lililokuwa linakupendeza zamani. Yape saa. Yafanye madogo kupita kiasi. Kama kufagia chumba kizima ni kazi kubwa, fagia karibu na kitanda. Ukimaliza, weka alama, na usijiulize kama umefurahi. Hamu hurudi kwa kuchelewa, na siku za kwanza utafanya kila kitu kwa moyo mkavu. Endelea hivyo hivyo.

Hatua ya tano: watu, na namna ya kuwaomba

Dhiki ina tabia ya kumfungia mtu ndani. Unaona utawachosha wengine, au watakusimanga, au hakuna atakayeelewa. Baadhi kweli hawataelewa. Ndiyo maana usimwambie kila mtu, chagua wawili au watatu: mmoja anayejua kusikiliza bila kukatiza, mmoja wa kukusaidia mambo ya mikono (kukaa na watoto, kukusindikiza hospitali), na kama yupo, mmoja aliyewahi kupita ulipo.

Omba kwa maneno yasiyo na utata. "Ukipata nafasi tuonane" haimpi mtu la kufanya. Tuma ujumbe kama huu: "Napitia wakati mgumu sana. Leo sihitaji ushauri, nahitaji mtu wa kunisikiliza kama dakika 20. Unaweza kunipigia saa mbili usiku?" Umemwambia hali yako, unachotaka, muda wake na saa. Watu wengi hukaa mbali nawe kwa sababu hawajui waseme nini, wala si kwa kukosa upendo, na ujumbe wa namna hii unawaondolea hofu hiyo.

Utakutana na wale wa "jikaze", "kuna waliopatwa na makubwa kuliko hayo", "kila jambo lina sababu yake". Wanasema kwa nia njema, lakini maneno hayo humfunga mtu mdomo, na mimi nayapinga kwa moyo wote. Maumivu ya mwingine kuwa makubwa hayajawahi kuyapunguza yako. Mjibu kwa upole: "Nashukuru, ila kwa sasa nataka tu unisikilize." Akiendelea, badilisha mazungumzo na usimpelekee tena siri zako za ndani. Hana ubaya, mtembelee kwa mambo mengine.

Hatua ya sita: itafute furaha waziwazi, bila kuomba radhi

Katika miaka ya 1990, mtafiti Susan Folkman aliwafuatilia huko San Francisco wanaume waliokuwa wakiwauguza wenza wao wenye UKIMWI, wakati ambapo wagonjwa wengi walikuwa wakifa. Mahojiano yaliuliza juu ya dhiki: nini kimekuumiza, umekabilianaje nacho. Muda mfupi baada ya utafiti kuanza, baadhi ya wauguzaji hao wakalalamika. Walisema wanaulizwa nusu tu ya maisha yao, na hakuna anayewauliza juu ya mazuri. Watafiti wakaongeza swali: niambie jambo jema lililokufanya ujisikie vizuri, lililokusaidia kuivuka siku. Karibu wote walikuwa na la kusema, hata waliokuwa karibu na msiba. Ua lililoonekana njiani. Mgonjwa kushukuru kwa chakula. Rafiki aliyechekesha. Huzuni yao ilikuwa nzito kweli, na bado mazuri yalikuwepo ndani yake, na mara nyingi waliyatengeneza wenyewe kwa makusudi.

Huo ndio msingi wa hatua hii. Barbara Fredrickson na Robert Levenson walionyesha mwaka 1998 kwamba hisia nzuri, hata ndogo, husaidia moyo na mishipa ya damu kurudi katika hali ya kawaida haraka zaidi baada ya hofu au huzuni. Kwa hiyo dakika tano za kucheka katika wiki ya majonzi si utoro. Zinaupumzisha mwili utakaohitajika kesho.

Sasa vitendo. Siku ambayo una nafuu kidogo, andika vitu kumi vidogo vinavyokupa raha, visivyohitaji pesa wala maandalizi: wimbo fulani, maji ya moto mgongoni, kumpigia mtoto wa ndugu yako, kumwagilia mmea, kukaa mahali pa kimya penye upepo. Kumi, kwa sababu siku mbaya ikifika hutakumbuka hata kimoja. Kila siku chagua kimoja na ukipe saa kama unavyoipa dawa saa. Kikifika, kaa nacho. Weka simu mbali. Tazama rangi, sikia harufu, hesabu hadi ishirini kabla hujaondoka. Kisha msimulie mtu, maana jambo jema likisimuliwa huishi mara mbili.

Hatia itakuja. Mjane atacheka kwenye simu halafu anyamaze ghafla, kana kwamba amemsaliti marehemu. Mama aliye na mtoto mgonjwa atakunywa chai yake taratibu na kujiona hana huruma. Ukipatwa na hilo, usibishane nalo sana. Sema: nampenda, na nimecheka. Yote mawili ni kweli. Kisha endelea na chai yako.

Shukrani ina nafasi yake, lakini naiwekea mpaka. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough waliwaomba watu waandike hadi mambo matano ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi, na wakayaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi kuliko walioandika kero. Mara moja kwa wiki yatosha. Isiwe fimbo ya kujipigia: "nina macho, nina miguu, kwa nini nalia?" Unaweza kushukuru kwa macho yako na kulia kwayo.

Na msaidie mtu mmoja, kwa jambo dogo linaloisha siku hiyo hiyo. Mwenye dhiki hujiona mzigo kwa kila mtu. Kumwelekeza jirani jambo unalolijua vizuri kunakukumbusha kwamba bado unatoa.

Kama umefiwa

Pengine umesikia kwamba huzuni ina hatua tano na unajiona unazipita vibaya. Hatua hizo alizieleza daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 akizungumzia watu waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe, na hazikuwa ratiba ya kuomboleza. Mimi naona maelezo ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999 yanamfaa zaidi mfiwa: huzuni huenda na kurudi. Kuna saa za kumlilia aliyeondoka, na kuna saa za kushughulikia maisha yanayoendelea, ankara, kazi, hata kicheko, na afya iko katika kuruhusu kwenda na kurudi huko. Leo ukiwa imara na kesho ukaanguka, hujarudi nyuma.

Lini utafute mtaalamu

Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, umekuwa na huzuni nzito au huoni ladha ya chochote, pamoja na usingizi kuharibika, chakula kushindikana au kuzidi, uchovu, kujiona huna thamani, au kushindwa kufanya kazi zako, basi huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya moyo ni maradhi. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari dalili na zimeanza lini. Usiishie kusema kichwa kinauma. Kuna tiba ya mazungumzo na kuna dawa. Dawa huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi vizuri, kwa hiyo usizikatie tamaa siku ya nne, wala usiziache ghafla ukipata nafuu bila kuongea na aliyekuandikia. Sala, ndugu na tiba havigombani, vitumie vyote.

Karatasi ya siku mbaya

Siku mbaya itarudi, hata baada ya wiki nzuri. Mara nyingi huja na tarehe: siku aliyofariki, mwezi wa talaka, siku ya majibu ya hospitali. Zitie tarehe hizo kwenye kalenda mapema na uamue utakuwa na nani siku hiyo.

Halafu chukua karatasi moja uandike: majina na namba za wale watu wako wawili au watatu, pumzi, nne ndani na sita nje, dakika tano, vile vitu kumi vidogo, saa yako ya kuamka, namba ya daktari au kituo cha afya, na sentensi ile ya kuomba msaada, ikiwa tayari imeandikwa ili ubaki kuituma tu. Ibandike ndani ya mlango wa kabati, mahali utakapoiona bila kuitafuta. Iandike leo kama una nguvu hata kidogo, na mpe nakala mtu mmoja anayeishi karibu nawe.